Anahesabu hadi mia, lakini hajui kuchamba. Wiki tano zinatosha?

mama_kitinda

Habari zenu wazazi wenzangu. Naombeni mawazo kabla kichwa hakijapasuka.

Binti yangu ana miaka minne na miezi minane, na baada ya wiki tano anaanza shule. Tangu azaliwe amekuwa mikononi mwangu na mwa bibi yake, hajawahi kuachwa kwa mtu mwingine hata nusu siku. Upande wa masomo nilikuwa natembea kifua mbele: anahesabu hadi mia bila kuruka namba, herufi zote anaziimba, jina lake analiandika mwenyewe, ingawa herufi moja kila siku anaigeuza ikatazama nyuma.

Wiki iliyopita tukaalikwa kwenda kuiona shule. Mwalimu akawaambia watoto wavue viatu, waviweke kwenye rafu, kisha waje wakae chini. Wenzake wakavua. Wangu akakaa kwenye kiti, akanyoosha mguu, akamtazama mwalimu kama malkia anayemsubiri mtumishi. Haukupita muda akataka choo. Nikamwelekeza, nikabaki nje nikiongea na mzazi mwenzangu. Mara sauti ikatoka ndani, sauti ambayo nadhani hata mlinzi wa getini aliisikia: "Mamaaa! Nimemalizaaa! Njoo unichambe!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Usiku sikupata usingizi. Darasa lina watoto zaidi ya thelathini, mwalimu mmoja na msaidizi wake. Nani atamchamba? Nani atamfunga vifungo? Na huyu ambaye hata nikienda kuoga anakaa nje ya mlango akiniita, nikimwacha pale asubuhi itakuwaje?

Wenye uzoefu, nianzie wapi? Na je, niendelee na daftari la kuandika tunalofanya kila jioni au nimpumzishe? Jioni hizo huishia kwa machozi, yake na siku nyingine yangu.

baba_wa_watatu

Dada pole, ila nimecheka mpaka nimepaliwa. La choo nawaachia walimu. Mimi nakupa moja tu ambalo lilinigharimu: usimtoroke.

Kifungua mimba wangu siku ya kwanza alikuwa na furaha, akaenda moja kwa moja kwenye midoli. Nikaona huu ndio upenyo. Nikanyata, nikatoka bila kuaga ili asilie, nikajipongeza njia nzima. Kumbe baada ya dakika kama kumi aligeuka kunionyesha kitu alichojenga, akakuta sipo. Kesho yake hakugusa mdoli hata mmoja. Alinishika suruali kwa mikono miwili na hakuondoa macho usoni mwangu, maana alishajua kwamba akigeuka tu, nayeyuka. Hata nyumbani akawa ananifuata kila chumba. Ilituchukua zaidi ya mwezi kumrudisha pale alipokuwa asubuhi ile ya kwanza.

Wa pili na wa tatu niliwaaga. Walilia, tena walilia kweli. Lakini walijua nimeondoka na walijua narudi.

mwalimu_wa_wadogo

Mama Kitinda, nimefundisha watoto wanaoanza shule kwa miaka 26. Nitaandika kirefu, nivumilie.

Daftari la jioni lifunge leo. Mtoto anayelia juu ya daftari akiwa nyumbani ananifikia akiwa ameshaichukia kazi ambayo mimi sijaianza. Mpe karatasi aichane vipande vidogo. Mpe vibanio vya nguo, akusaidie kuanika. Mpe sifongo akamue maji, udongo afinyange, mkasi wa watoto usio na ncha akate. Misuli inayobana kibanio ndiyo itakayoshika penseli. Friedrich Fröbel, yule Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837 na baadaye akaiita bustani ya watoto, vifaa vyake vya kwanza vilikuwa mipira ya uzi na maumbo ya mbao. Kalamu ilikuwa mbali. Na mkono anaoupendelea mwanao uache ulivyo, hata ukiwa wa kushoto.

Kuhesabu hadi mia ni wimbo. Ni wimbo mzuri, usimnyang'anye. Lakini jaribu hivi: mwaga vifungo kumi mezani umwambie, "Nipe vitano." Akikuchotea kiganja kizima, basi tano bado ni neno tu kwake. Kisha panga safu mbili za vifungo sita sita, moja ibane, nyingine itawanye iwe ndefu, umuulize wapi ni vingi. Usishangae akikuonyesha ile ndefu. Wa umri wake wengi wanasema hivyo. Wala usimkosoe. Kila mnapopanga vijiko na sahani, mwachie ahesabu kimoja kwa kila mtu. Inatosha.

Herufi inayotazama nyuma isikusumbue. Kikombe ni kikombe, mkono wake ukielekea kulia au kushoto. Herufi ndiyo kitu cha kwanza anachokutana nacho ambacho ukikigeuza kinabadilika jina: b inakuwa d. Wengi huendelea kuzigeuza mpaka kwenye miaka sita au saba.

Sasa choo, maana hilo ndilo swali lako la kweli, na sisi walimu tunalipenda kuliko unavyodhani. Hakuna mzazi anayeniuliza kuhusu choo, wote huniuliza ataanza lini kusoma. Halafu saa nne asubuhi nina watoto wanne wamesimama wamebana miguu kwa sababu wanaona aibu kusema.

Mwanao aibu hana, umeshapata nusu. Iliyobaki ni mazoezi. Shida ya kuchamba ni kwamba mtoto hajioni nyuma. Kwa hiyo mfundishe mahali anapoona: funga puto mbili kwa pamoja nyuma ya kiti, zipake povu zito la sabuni, mwache afute mpaka ziwe safi. Atacheka, na mkono utajifunza. Kisha ahamie kwake mwenyewe, wewe ukimalizia tu, mpaka siku utakayokuta hakuna cha kumalizia. Kwa msichana sisitiza kutoka mbele kwenda nyuma, kwa sababu vijidudu vya haja kubwa vikisogea mbele vinaleta maambukizi kwenye njia ya mkojo. Baada ya hapo mikono kwa sabuni, sekunde ishirini, wimbo mmoja mfupi.

Na umpeleke kwenye vyoo visivyo vya nyumbani kwenu. Choo cha shule kina mlango mzito, kina mwangwi, kina mtoto mwingine anayegonga. Nimewahi kuwa na mvulana aliyejibana wiki nzima kwa kuogopa kishindo cha maji, na nyumbani walidhani anaumwa tumbo. Kweli aliishia kuumwa.

Nguo: siku za mwanzo asivae mkanda wala suruali yenye vifungo vigumu. Mpira kiunoni. Zipu na vifungo mfundishe ukianzia mwisho. Yaani zipu ishikanishe wewe, ipandishe hadi karibu na shingo, yeye amalizie kile kipande cha juu. Kesho mwachie kuanzia kifuani, baadaye kuanzia tumboni. Kila siku anayemaliza ni yeye. Ukimwanzisha pale pa kushikanisha, ambapo ndipo pagumu, atakata tamaa kabla hajaona zipu ikipanda.

Viatu: tafuta picha ya kubandika anayoipenda, ikate katikati, nusu ibandike ndani ya kiatu cha kulia, nusu cha kushoto. Viatu vikikaa sawa picha inakamilika.

Chombo cha chakula na chupa ya maji avifungue yeye, mbele yako, mara nyingi. Kuna vifuniko vizuri sana ambavyo hata mimi navifungua kwa meno.

Halafu kuna sentensi tatu ambazo nikikuta mtoto anazo, najua tutaelewana: "Naomba nisaidie." "Sitaki, acha." "Nataka kwenda chooni." Zifanyieni mchezo, mdoli awe mwalimu. Mtoto aliyezoea bibi anayemsoma usoni hajawahi kulazimika kuomba. Mguu aliounyoosha siku ile ndiyo ilikuwa lugha yake.

La kulala sina mengi: watoto wa miaka mitatu hadi mitano wanashauriwa kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Kama analala kwa kuchelewa, msogeze robo saa kila baada ya siku chache. Anza sasa, maana wiki moja kabla ya shule ni kuchelewa.

Kuaga, baba wa watatu ameshamaliza. Naongeza kwamba kuwe kufupi na kufanane kila siku. Mgongane viganja, umwambie unarudi lini kwa kitu anachokijua, "nitakuja mkishamaliza kucheza nje," uondoke. Usimwambie saa, hajui saa. Na ukisema utakuja, uwepo. Kinachotuumiza walimu ni mzazi anayeaga mara nne. Kila akirudi dirishani anamfundisha mtoto kwamba kulia kunamrudisha mama.

Anza kumwacha kwa shangazi au jirani unayemwamini. Dakika kumi, kesho kutwa nusu saa, wiki ijayo asubuhi nzima.

sikio_la_kushoto

Naongezea ambalo halijasemwa. Kabla hajaanza, mpeleke wakampime macho na masikio.

Wangu alianza shule akiwa mchangamfu. Baada ya miezi miwili nikaitwa. Nikaambiwa mtoto ni mkaidi, akiitwa haitiki, akiambiwa simama anakaa. Nilimgombeza. Naandika hili bado linaniuma. Nilimnyima michezo wiki nzima kwa ukaidi.

Kumbe alikuwa na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, kitu kinachowapata sana watoto wadogo baada ya mafua ya mara kwa mara. Hakiumi, mtoto hana homa, hivyo hakuna anayekishtukia. Alikuwa anasikia kama mtu aliyezama kwenye maji. Nyumbani tulikuwa tunaongea naye karibu, uso kwa uso, kwa hiyo hatukugundua. Darasani penye kelele akapotea kabisa.

Dalili ambazo baadaye nilizikumbuka: alikuwa anapandisha sauti ya televisheni, anasema "eeh?" kila mara, na ukimwita kwa nyuma hageuki. Siku moja simama nyuma ya binti yako, mnong'oneze jina la kitu anachokipenda, uone. Hicho si kipimo, kipimo ni cha hospitali, lakini kitakuharakisha.

mzee_wa_zamani

Wazazi wa siku hizi mnajitesa. Puto, povu, picha za viatu! Sisi tulishikwa mkono, tukapelekwa, tukaachwa. Hakuna aliyetuandaa na tumekuwa watu. Mpelekeni mtoto, atazoea.

mwalimu_wa_wadogo

Shikamoo mzee. Ni kweli wengi huzoea. Lakini wewe unakumbuka kwamba hukuandaliwa. Mwalimu wako wa kwanza angekuwepo hapa tungemuuliza anakumbuka nini, na nani alikubadilisha kaptula.

Tena naamini uliandaliwa bila kujua. Ulikuwa na kaka na dada wa kuwafuata, ulitumwa, ulichukua maji mwenyewe, ulivaa mwenyewe kwa sababu hakukuwa na mtu wa kukusubiri. Huyu mtoto amekua na watu wazima wawili na mikono minne.

mzee_wa_zamani

Marahaba. La kaptula tuliache.

mama_kitinda

Nimesoma yote mara mbili, asanteni. Daftari nimeliweka juu ya kabati. Alipoliona huko juu akauliza, "Limekosa nini?"

Mwalimu, nina mambo mawili. La kwanza ni bibi yake. Mimi namwambia mtoto avae mwenyewe, nikigeuka nakuta bibi ameshapiga magoti anamvalisha. Nikisema kitu ananijibu, "Baba yake nilimvalisha mpaka darasa la pili na hakufa." Ni mama mkwe, siwezi kubishana naye.

La pili, mtoto wa jirani ana umri kama wake na ameshaanza kusoma maneno. Sisi ndiyo tumefunga daftari. Moyo unanidunda.

mwalimu_wa_wadogo

Bibi usimwondoe kazini, mpandishe cheo. Mwambie hivi: "Mama, mwalimu amesema anahitaji mtu mwenye subira wa kumfundisha mtoto kuvaa, na mimi subira sina." Hilo si uongo. Kisha mpe kanuni moja: mikono yake ikae mapajani, ahesabu kimya kimya hadi ishirini kabla ya kusaidia. Ishirini ni ndefu sana ukiwa unatazama mtoto anahangaika na soksi. Lakini mara nyingi mguu unaingia kwenye kumi na nne.

Wala usimdharau. Unaona anamvalisha tu. Anapomvalisha anamsimulia hadithi, na hizo hadithi nitazikuta darasani. Mtoto aliyesimuliwa sana anajua maneno mengi na anajua kwamba jambo lina mwanzo na linaenda mahali. Hapo ndipo kusoma kunapoanzia.

Kuhusu jirani: Finland mtoto huanza darasa la kwanza mwaka anaotimiza miaka saba, na huko watu wanasoma vizuri tu. Anayesoma mapema mpongeze, usimfukuzie. Wewe msomee kitabu kila usiku, kidole kikitembea chini ya maneno. Mkiwa njiani chezeni na sauti: taja kitu kinachoanza kama "meza". Mama, maji, mlango. Pigeni makofi kwa kila silabi ya jina lake. Kiswahili hapo kinatubeba, silabi zetu zinasikika wazi na tunaandika tunavyotamka, ukilinganisha na watoto wa Kiingereza wanaohangaika miaka na herufi zisizotamkwa. Mtoto anayeweza kulikata neno kwa masikio atalisoma.

baba_wa_watatu

Mwalimu hiyo ya kupandisha cheo naiiba, nina mtu wa kumtumia ofisini.

mama_kitinda

Ndugu zangu, nimerudi na taarifa. Leo amemaliza wiki ya pili.

Masikio na macho tulipima, yako salama. Puto zilipasuka mbili siku ya kwanza kwa sababu alifuta kwa hasira, ila tuliendelea. Bibi alipokea cheo. Nilimkuta asubuhi moja amekaa juu ya mikono yake, kabisa, amekalia viganja, midomo inahesabu.

Siku ya kwanza ya shule hakulia. Nililia mimi kwenye gari. Siku ya pili vilevile, akaniaga kama mtu anayekwenda kazini. Nikasema tumeshinda. Siku ya tatu alipoamka akaniuliza, "Leo tena?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza, "Na kesho?" Nilipojibu ndiyo, akaangua kilio ambacho sijawahi kukisikia. Kumbe alikuwa anadhani shule ni kitu kinachofanywa mara moja kikaisha, kama sherehe. Katika maandalizi yetu yote, hakuna aliyemwambia kwamba ni kila siku.

Nikagonganisha naye viganja mlangoni huku analia, nikasema nitakuja mkishamaliza kucheza nje, nikatembea bila kugeuka. Hatua zile hamtaki kuzijua. Msaidizi wa mwalimu alinipigia baadaye akasema kilio kilikatika kabla sijafika barabarani.

Sasa nyumbani ndiko kuna kazi. Darasani wanasema ni mtulivu, anasikia. Akifika nyumbani, soksi ikiwa na mkunjo ni vita. Juzi alilia nusu saa kwa sababu nilikata mkate wake pembe tatu badala ya mraba. Mwalimu, nimekosea wapi?

mwalimu_wa_wadogo

Hujakosea popote. Amejizuia tangu asubuhi: amesubiri zamu, amenyamaza, amegawana alichotaka kiwe chake, ameshika haja. Anakuja kwako kuvitua vyote kwa mkupuo. Soksi haina kosa. Mkifika nyumbani usimuulize maswali ya leo mmejifunza nini. Mpe kitu cha kula, mpe maji, kaa naye kimya, apumzike kwanza. Habari za shule zitatoka zenyewe usiku taa ikizimwa, wakati ambao wewe unataka kulala. Kwa wengi hutulia baada ya wiki kadhaa.

La "kila siku" umenifundisha mimi. Miaka 26 na sijawahi kulisema kwa mzazi hata mmoja. Tundika karatasi yenye siku saba, tano chora mkoba, mbili chora kitanda. Kila jioni aweke alama.

sikio_la_kushoto

Swali lililobaki: na choo?

mama_kitinda

Nilijua mtauliza. Mwalimu wake anasema tangu siku ya kwanza hajaomba msaada, anaingia, anatoka, ananawa, tena anawakagua wenzake kama wamenawa.

Jana jioni nipo jikoni nikasikia ile sauti. "Mamaaa! Njoo unichambe!" Nikaenda nimepandisha mabega. Nikamuuliza, shuleni nani anakuchamba?

Akaniangalia kama mimi ndiye sielewi. "Shuleni nachamba mwenyewe. Huku kuna mama."

Mwalimu, hapo nilipaswa kujibu nini? Maana nilimchamba.